Kumfundisha kusoma na kuandika mtoto mwenye ulemavu mkubwa: pa kuanzia na hatua zake

"Hasemi, atasomaje?" "Hawezi kushika penseli, nimwandikishe nini?" "Nimepangiwa kitengo cha watoto wenye ulemavu, sijasomea elimu maalumu, nianzie wapi?" Kila muhula ukifunguliwa maswali ni yale yale. Yanatoka kwa walimu wa hapa Dodoma mjini, wa Bahi, wa Kongwa, hata kwa wazazi wanaonisimamisha pale soko la Majengo nikiwa na kapu mkononi. Nimechoka kujibu nusunusu kwenye simu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili wa kiwango kikubwa, mtindio wa ubongo uliombana mikono na usemi, usonji bila kauli, au ulemavu zaidi ya mmoja kwa pamoja. Kama mtoto wako ni kiziwi tu au haoni tu, njia yake ni lugha ya alama au breli, na hapa Dodoma tuna bahati: walimu wa Shule ya Msingi Dodoma Viziwi na wale wa Buigiri, wilayani Chamwino, wanaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Kusoma hakuna sifa za kuingilia. Usingoje mtoto akae wima, aache kutokwa na mate, ajue rangi au atofautishe duara na pembetatu. Wapo watoto waliokaa kitengo miaka na miaka wakipanga vizibo kwa rangi na kutunga shanga, na hakuna aliyewahi kuwafungulia kitabu. Halafu tunasema hawawezi kusoma. Mkuu wa shule akikwambia "huyu si wa kusoma", mkumbushe kwa heshima Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Haki ya elimu imo humo.

VITU VYA KUANDAA

Hakuna kinachohitaji mfadhili. Vingi utavipata stesheneri yoyote.

- Vitabu vya hadithi fupi vyenye picha kubwa. Kama shule haina, tengeneza: piga picha kwa simu, kasafishe, bandika kwenye karatasi, andika sentensi moja chini ya kila picha.
- Manila, kalamu ya wino mzito, mkasi, gundi na selotepu pana ya kufunikia kadi. Kadi isiyofunikwa haimalizi wiki kwa mate na vumbi.
- Kitambaa cheusi cha kutandika mezani au kutundika nyuma ya kadi.
- Majalada mawili ya plastiki angavu, yale ya kufungia ripoti, uyaunganishe kwenye fremu ya boksi gumu.
- Vibanio vya nguo na mawe madogo. Aliyewahi kufundisha Dodoma mwezi wa nane madirisha yakiwa wazi anaujua upepo wake.
- Daftari lako la kumbukumbu, ukurasa kwa kila mtoto.

Muhimu pia: uliza kama macho na masikio yamewahi kupimwa hospitali, na kama mtoto ana kifafa, dawa anameza saa ngapi. Utahitaji majibu hayo kwenye sehemu ya matatizo.

HATUA ZENYEWE

1. Mkalishe vizuri.

Nyonga zirudi nyuma kabisa ya kiti, miguu ikanyage kitu (tofali au boksi lililojazwa karatasi linatosha), meza iwe usawa wa viwiko. Akiegemea upande, kunja kanga au blanketi uzibe pengo. Mtoto anayepigana asianguke hana nguvu ya kubaki kwa ajili ya herufi.

2. Tafuta "ndiyo" yake na "hapana" yake.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ukiiruka hizi nyingine zote zitayumba. Kila mtoto ana namna ya kukubali na kukataa. Anayeijua ni mama au bibi anayemlisha, si wewe. Mwite, muulize: "Bibi, mjukuu wako akitaka uji zaidi unajuaje?" Atakwambia bila kufikiri: anainua macho, ananyoosha mguu wa kushoto, anafumbua mdomo. Ukimuuliza kuhusu kukataa, atakujibu haraka zaidi.

Chagua mwendo mmoja ambao mtoto anaufanya kwa kutaka, usiomchosha. Uzoeshe kwa mambo anayoyajali kweli: "Tutoke nje?" "Nikupe maji?" Usianze kwa kumtahini, "Hii ni nyekundu?" Kisha andika kwenye kadi, bandika kwenye kitimwendo au mezani: NDIYO YANGU NI KUTAZAMA JUU. HAPANA YANGU NI KUGEUZA KICHWA. Kila anayeingia darasani aone na atumie hiyo hiyo.

Angalizo: ukiuliza, nyamaza. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo, na kwa mwenye mtindio wa ubongo hesabu hata ishirini. Sisi walimu hatuna subira ya ukimya. Tunauliza, tunarudia swali, tunatoa jibu, na mtoto ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuinua macho.

3. Mtengenezee ubao wa maneno.

Manila moja, maneno 15 mpaka 20 ya kila siku, kila neno na picha yake. Kituo cha elimu ya kusoma na ulemavu cha Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, Marekani, kimeandaa ubao wa maneno 36 ya namna hii, ila ni wa Kiingereza. Usiutafsiri neno kwa neno, maana utamwachia mtoto vipande kama "mimi" na "taka" aviunganishe mwenyewe. Weka neno kama linavyosemwa: nataka, sitaki, tena, njoo, twende, acha, nisaidie, nini, nani, wapi, nzuri, mbaya, imekwisha, zamu yangu.

Ukishauandaa, uutumie wewe. Unasema "Twende nje", kidole chako kinagusa TWENDE. "Uji umekwisha", kinagusa IMEKWISHA. Mtoto mwingine husikia maneno mwaka mzima na zaidi kabla ya kutamka lake la kwanza, na huyu naye ana haki ya kuona ubao ukizungumza muda mrefu kabla ya kudaiwa. Angalizo: usimwambie "gusa NATAKA ndipo nikupe maji." Maji ni haki yake, si zawadi ya mtihani.

4. Msomee kila siku, na umwachie nafasi.

Dakika 15 zinatosha. Fungua ukurasa, sema kitu kuhusu picha, nyamaza. Uliza jambo, nyamaza. Chochote atakachofanya, kipokee na ukiongeze. Tuseme kitabu ni cha picha zenu wenyewe, na ukurasa huu una mbuzi aliyeingia shamba la zabibu:

"Haa, huyu mbuzi ana matatizo!" (Unagusa MBAYA kwenye ubao. Unasubiri.)
Mtoto anacheka au anapiga meza.
"Umeona eh, mwenye shamba atakuja sasa hivi." (Unagusa NJOO. Unasubiri.) "Unadhani atasemaje?"
Mtoto anatazama ACHA.
"Acha! Eee, atapiga kelele: acha zabibu zangu!"

Hapo kuna mazungumzo, na ndiyo yanayojenga ufahamu. Maswali ya "mbuzi yuko wapi, onesha mbuzi, mbuzi ana miguu mingapi" yanageuza hadithi kuwa usaili. Rudieni kitabu kile kile hata wiki nzima, ila kila siku badilisha unachokizungumzia.

Nyumbani kwao wakiongea Kigogo, Kirangi au Kisandawe na wewe unaijua lugha hiyo, ichanganye katika mazungumzo haya. Maandishi yabaki Kiswahili, maelezo yawe ya lugha anayoielewa.

5. Herufi moja kila siku, si kila wiki.

Desturi yetu ni kukaa na "a" mpaka mtoto aijue, ndipo tuende "e". Kwa mtoto wetu huyu hiyo ni kufungiwa chumba kimoja. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24. Ukienda moja kwa siku ya shule unazimaliza katika wiki tano hivi, kisha unaanza upya. Kila mzunguko utaokota herufi nyingine ambazo zamani zilimpita.

Anza na herufi za jina lake. Kama ni Matonya, anza M. Kila herufi ya siku ifanyie mambo manne: itaje kwa sauti yake ("mmm", si "em" wala "ma"), itafuteni kwenye kitabu mlichosoma, itafuteni kwenye majina ya darasa yaliyobandikwa ukutani, kisha iandikeni. Dakika kumi, basi. Kesho herufi nyingine, hata kama ya leo "hajaijua".

6. Mchezeshe sauti za maneno.

Hapa Kiswahili kinatubeba, maana silabi zetu ziko wazi. Pigeni makofi, ngoma au meza kwa kila silabi: ku-ku, ma-ji, za-bi-bu. Asiyeweza kupiga makofi apepese macho au umpigie wewe na yeye akwambie ukikosea. Kumkosoa mwalimu wanakupenda sana. Epuka kwanza maneno kama mbuyu na mbuzi: la kwanza lina silabi tatu, m-bu-yu, la pili mbili, mbu-zi, na hata watu wazima wanabishana. Fanyeni mkiwa mnasubiri uji. Haihitaji kipindi chake.

7. Mpe kalamu inayomfaa.

Kalamu ni kitu chochote kinachompa mtoto herufi ZOTE 24 achague mwenyewe. Asiyeweza kushika penseli bado anaweza kuandika. Njia tatu zinazowezekana kwetu:

a) Vizibo vya chupa za maji vyenye herufi, juu ya sinia. Vinamfaa anayeweza kusukuma kwa mkono.

b) Kitabu cha herufi. Panga mistari mitano, kila mmoja unaanza na irabu:
A B C D
E F G H
I J K L M N
O P R S T
U V W Y Z
Chini yake weka NAFASI, FUTA, NIMEMALIZA. (Ukiwa na Alex darasani, ongeza X.) Wewe unataja mistari: "Mstari wa A? Wa E? Wa I?" Akitoa ndiyo yake kwenye mstari wa I, unataja herufi moja moja: "I? J? K?" Akikubali K, unaiandika mbele yake, akiiona. Taja kwa mwendo mmoja na sauti moja. Ukipandisha sauti kwenye herufi unayoitarajia, umeshamwandikia.

c) Ile fremu ya plastiki. Bandika herufi kwa makundi pembeni, acha katikati wazi. Kaa uso kwa uso naye, fremu iwe katikati yenu. Unafuata macho yake: kwanza kundi, halafu herufi.

Sasa mwache aandike. Weka mbele yake picha mbili za maisha yake, tuseme sikukuu nyumbani na safari ya stendi, achague atakayoiandikia. Mara ya kwanza utapata KKPAAJ. Usisahihishe, usicheke, usimpe neno la kunakili. Jibu kama aliyesoma barua: "Naona umeandika K mbili, na A kama ya kwenye jina la Asha. Picha ni ya stendi, basi nami nitaandika: Kuna makelele." Andika tarehe, hifadhi karatasi. Kama ana mkono unaoshika, mpe penseli uliyoizungushia kitambaa au raba inene, achorechore apendavyo. Hayo nayo ni maandishi ya mwanzo.

Angalizo kubwa: usimshike mkono ukamwongoza kwenye herufi. Majaribio yaliyofanyika Marekani miaka ya 1990 kwa watoto walioshikwa mkono au kiwiko waandike yalionesha kuwa maneno yalikuwa ya aliyewashika. Utafurahi, mzazi atalia kwa furaha, na mtoto hatakuwa amesema kitu. Kufuatisha nukta nako hakuna madhara, ila ni zoezi la mkono tu. Mtoto anaweza kufuatisha nukta miaka mitatu bila kujua kuwa herufi zinabeba maneno.

8. Andikeni sentensi za darasa, wiki nzima.

Hii inafaa hata kitengo chenye watoto wa viwango tofauti. Jumatatu unaanzisha sentensi, kila mtoto anaimalizia kwa ubao wake, kwa macho au kwa mdomo, na unaandika jina lake mwisho:

Napenda kula ubuyu. (Neema)
Napenda kula mlenda. (Matonya)
Napenda kula zabibu. (Asha)

Jumanne mnazisoma upya, kila mmoja yake. Jumatano kila mtoto anapewa sentensi yake imekatwa neno neno, aipange. Alhamisi watoto wanakuwa maneno: mmoja anashika NAPENDA, mwingine KULA, mwingine UBUYU, wanasimama au kusogezwa na viti vyao mpaka sentensi inyooke. Siku hii fanyieni nje kwenye kivuli, ila kumbuka vibanio. Ijumaa kila mtoto anachora au kubandika picha kwenye ukurasa wake, mnaunganisha, mmepata kitabu kipya cha hatua ya 4.

9. Jua wakati wa kupanda ngazi.

Watafiti wa Marekani Karen Erickson na David Koppenhaver wanatumia maswali manne, nami sijaona mazuri zaidi. Je, mtoto anazijua herufi nyingi, mara nyingi? Anashiriki mkisoma pamoja? Ana njia ya kuwasiliana? Anaelewa kuwa kuandika ni kazi ya herufi na maneno? Yote yakiwa "ndiyo", ingia kwenye mafunzo yale ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ya darasa la kwanza: kuunganisha sauti kuwa silabi, silabi kuwa maneno, ba-ba, ka-ka, ka-ta, kusoma kifungu kifupi kwa lengo na kujibu kwa ubao wake. Moja likiwa "hapana", endelea na hatua 2 mpaka 8. Wala hujamrudisha nyuma.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Hatazami kadi kabisa. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, macho yanaweza kuwa mazima na ubongo ndio unaoshindwa kuisoma picha. Ondoa mapambo nyuma yako, tundika kile kitambaa cheusi, onesha kitu kimoja kwa wakati, herufi kubwa ya njano au nyekundu. Mwingine hutazama pembeni ndipo anaona. Usimgeuze kichwa kwa nguvu.

Anachagua cha upande wa kulia kila mara. Badilisha nafasi za kadi, au zipange juu na chini. Ikiendelea, acha kumpa viwili achague. Tumia kutaja kimoja kimoja akupe ndiyo au hapana.

Anasema ndiyo kwa kila kitu. Amejifunza kuwa ndiyo inawafurahisha wakubwa. Muulize vya kuchekesha: "Mimi ni mbuzi?" Hapana yake ikitoka, ishangilie kuliko ndiyo.

Anatafuna kadi. Anafanya hivyo kwa kuwa hana kazi nyingine ya kuzifanyia. Mpe kitu safi cha kutafuna, kadi zikae juu kwenye fremu. Hiyo si sababu ya kumnyima.

Analala kipindi cha saa tatu. Angalia saa za dawa ya kifafa kabla ya kumwita mvivu, na uliza kama alikunywa chai. Sogeza usomaji pale anapokuwa macho. Dawa usiiguse, hilo ni la daktari na mzazi.

Niko peke yangu na watoto kumi na wawili. Kusoma kwa pamoja, herufi ya siku na sentensi za darasa ni kazi za kundi. Kinachohitaji mtu mmoja mmoja ni kalamu ya hatua ya 7: watoto wawili au watatu kwa siku, kwa zamu, wengine wakiwa na vitabu vyao mapajani. Darasa la sita wanaweza kufundishwa kutaja mistari ya herufi, nao huwa na subira kuliko sisi.

Muhula umeisha, sioni badiliko. Usimpime kwa mtihani wa darasa la kwanza. Toa karatasi zile zenye tarehe, zipange mezani. Badiliko la KKPAAJ kuwa herufi tofauti zaidi, kuwa na herufi ya jina lake mwanzoni, kuwa na NAFASI katikati, ni hatua. Kama kweli zote zinafanana, rudi hatua ya 2 uihakiki ile ndiyo. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Anatoweka masika. Mvua zikianza Desemba familia inahamia shambani, na mtoto asiyetembea haletwi shule. Funga vitabu viwili vya Ijumaa na nakala ya ubao wa maneno kwenye mfuko wa plastiki, umpe mama kabla ya likizo. Nyuma ya ubao andika ndiyo yake ni ipi na hapana yake ni ipi, maana atakayemsomea huenda akawa kaka yake wa darasa la nne.